Kupogoa Miembe: Msumeno wa Petroli au wa Betri?

Leo tuangalie kazi ambayo wengi wetu huifanya kwa kupanda juu. Miembe mingi ya huku Kipini na kandokando ya Mto Tana ilipandwa na wazee, nayo imerefuka mno. Kijana akipanda na panga, akiteleza, ni mgongo kuvunjika au ni msiba. Ndipo vikundi vinatamani msumeno wa mnyororo wenye mpini mrefu kama upondo, unaokata tawi huku umesimama chini. Kuna wa petroli na wa betri. Tununue upi?

Wa petroli una nguvu, na ukiishiwa unajaza tu, kazi inaendelea. Lakini ni mzito, mara nyingi kilo 6 hadi 8, na mikono huchoka upesi. Hunywa petroli iliyochanganywa na oili, jambo ambalo wavuvi wetu wenye mashine za mashua wanalijua sana. Hapo tuwe macho! Oili ya mashine ya mashua isitiwe humu. Ile hupozwa kwa maji, hii hupozwa kwa hewa na hupata moto zaidi. Nunueni oili yake na mfuate kitabu chake. Nyingi za siku hizi hutaka 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Mchanganyiko ukikaa zaidi ya mwezi, usitumike.

Wa betri hauna moshi wala kamba ya kuvuta, na kelele yake ni ndogo. Shida ni chaji. Betri moja huenda nusu saa, pengine saa moja, kisha basi. Sola ndogo ya taa za nyumbani haiwezi kuichaji. Tena betri ni ghali, na ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye msumeno wa nyingine. Isiachwe juani.

Sisi tunaona hivi: kikundi chenye umeme karibu na miti michache kichukue wa betri, pamoja na betri ya pili. Kinachokata shamba kwa shamba, mbali na umeme, kichukue wa petroli, maana fundi wa mashine za mashua ataielewa injini yake. Na wenye miembe mitano au sita? Msumeno wa mkono uliofungwa kwenye mti mrefu unawatosha. Pesa za chama si za kuringia.

Wowote mtakaochagua, mnyororo hutaka oili yake. Msisimame chini ya tawi. Mpini si kinga ya umeme: kaeni mita 15 kutoka kwenye nyaya. Vaeni kofia ngumu na miwani, na utomvu wa mwembe usiwaguse, huunguza ngozi.

Pogoeni baada ya kuvuna. Tawi nene lianzeni kwa chini, robo ya unene wake, sentimita 30 kutoka shinani. Kisha kateni kwa juu, mbele kidogo. Likianguka halitachana gome. Kisiki kinachobaki kikatwe karibu na shina, bila kugusa ule uvimbe wa maungio, maana hapo ndipo kidonda hujifunga.

Kwa majadiliano: Kikundi chetu kina miembe mingapi? Msumeno utalala kwa nani, na nani atalipia mnyororo ukikatika?