Gesi Isiyobisha Hodi

Somo letu safari hii lawahusu hasa wanaopakua na kupanga magunia katika maghala ya bandari na viwanda hapa Bujumbura. Wa mashambani nao walisome, kwani wadudu wa ghala hawachagui mahali. Zamani waliuawa kwa methili bromaidi. Kwa Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea ziliiacha mwaka 2015, isipokuwa kwa karantini na bidhaa zinazosafirishwa. Mojawapo ya gesi zilizoshika nafasi yake duniani ni salfurili floraidi.

Iligunduliwa Ufaransa mwaka 1901 na Moissan na Lebeau. Molekuli yake ina salfa moja, oksijeni mbili na florini mbili. Hutunzwa katika mitungi ya chuma, imeshindiliwa hata ikawa majimaji. Sote twajua salfa ikiungua hunuka na kukohoza. Huyu ni ndugu yake asiyebisha hodi. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa mara tatu na nusu, hivyo hutuama mashimoni na sehemu za chini.

Majini huvunjika polepole sana, basi kumwaga maji sakafuni hakuiondoi. Moto ndio wa kuogopwa: ikipata joto la zaidi ya nyuzi 400 hutoa salfa dioksaidi na hidrojeni floraidi, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi inayokula hata kioo. Jiko la mkaa na sigara havina nafasi hapo.

Mwilini hutoa floraidi, nayo hukamata kalsiamu ya damu ambayo moyo waihitaji ili upige sawasawa. Mtu huona kichefuchefu, tumbo humuuma, husema na kutembea polepole, kisha huweza kupata kifafa. Apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe jina la gesi.

Wengine hudhani kitambaa puani chatosha. Hata barakoa yenye mkaa haifai. Anayeingia kabla ghala halijapitishwa hewa, hata kama ni kumwokoa mwenzake, lazima avute hewa ya mtungi wake mwenyewe. Nchini Marekani sheria yaruhusu sehemu 5 tu katika milioni ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Pua haiwezi kupima kiasi hicho. Msimamizi akisema, "Ingieni, gesi imekwisha," mwulizeni kipimo kimesoma ngapi, na kama kilishushwa hadi sakafuni au kiliishia mlangoni.