SOMO LA TAWI: NJIA ZA INTANETI NA VYOMBO VYAKE



Tawi linapotaka intaneti ofisini, yafaa wanachama wazijue njia zilizopo kabla ya kutoa fedha za michango yao. Tuzitazame moja moja.

1. Waya wa simu. Hii ndiyo njia ya zamani. Kompyuta hufungwa modemu, chombo kinachogeuza habari kuwa sauti ili zipite katika waya. Kasi yake haikuzidi kilobiti 56 kwa sekunde: mkataba wa kazi wenye picha, wa megabaiti 7, ungechukua kama dakika 17 kufika. Kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde, mkataba huohuo hufika kabla ya sekunde 6.

2. Mnara wa simu. Chombo ni simu yenyewe, au ruta ndogo inayotiwa laini. Habari husafiri kwa mawimbi ya redio. Njia hii hufika mashambani kusikofika waya. Lakini watu wengi wakitumia mnara mmoja, kama jioni zamu inapotoka, kila mmoja hupata kidogo.

3. Mkongo. Huu ni nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Ofisini huwekwa kisanduku cha kugeuza mwanga kuwa umeme, kisha ruta. Mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009; kabla ya hapo nchi zetu zilitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa. Uganda, Rwanda na Burundi hazina bahari, hivyo hutegemea mikongo ipitayo kwa majirani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya Seacom na EASSy ilipokatika baharini, intaneti ilidhoofika Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja.

4. Setilaiti. Huhitaji dishi na modemu yake. Setilaiti zilizo juu kilomita 36,000 huchelewesha mazungumzo. Zilizo karibu, kama kilomita 550, hazicheleweshi sana.

Na waifai je? Waifai huanzia kwenye ruta na kufika umbali mfupi tu. Nyuma ya ruta lazima iwepo njia ya kufikia intaneti, kama mojawapo ya hizi nne.

Hapa tuwe macho. Mwenye ruta anaweza kujua simu ipi imeingia, saa ngapi, na imefungua huduma gani. Waifai ya kiwanda ni mali ya mwajiri. Basi mambo ya chama, kama orodha za wanachama na madai ya mishahara, tuyapitishe katika laini ya tawi, hata kama ya mwajiri ni ya bure.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Ofisi yetu inafikiwa na njia zipi?
(b) Gharama ya mwezi itatoka wapi?
(c) Neno la siri la ruta atalitunza nani?