Kwa Nini Mtoto wa Katogota Huhesabiwa Upande wa Baba?

Swali: Kwa nini mtoto wa Katogota, kijiji cha mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huhesabiwa katika ukoo wa baba peke yake, ilhali amezaliwa na wazazi wawili?

Jibu: Wafuliiru wa Katogota, kama majirani zao Wavira wa Uvira, hufuata nasaba ya kuumeni, yaani hesabu ya vizazi inayopita kwa baba, babu na wanaume waliomtangulia, nayo ndiyo huamua mtu ni wa ukoo gani na hawezi kuoa wapi. Mahari, ambayo zamani ilikuwa hasa mifugo, huthibitisha kwamba watoto ni wa ukoo wa mume, huku mke akibaki wa ukoo wa baba yake hata baada ya kuolewa. Lakini kwa kabila la Wakongo wa magharibi ya nchi hiyo na Waluguru wa Morogoro, Tanzania, wanaofuata nasaba ya kukeni, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye usemi mkubwa juu yake. Hata hivyo, ukoo hauondoi haki ya urithi: Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 huwapa watoto wote wa marehemu, wa kike kwa wa kiume, robo tatu ya mali yake.