Hali za Majina katika Kilatini

Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) kufungua njia kwa lugha za wenyeji, Misa huko Nkubu, kama penginepo penye Wakatoliki wa Meru, ilisomwa kwa Kilatini. Kijana aliyetamani upadre hakuwa na budi kujifunza lugha hiyo, na mlangoni kabisa alilakiwa na majedwali ya majina. Wengi waliyakariri kama kasuku. Laiti wangaliambiwa mapema kwamba jedwali lile ndilo linalotujulisha nani ametenda na nani ametendwa!

Msomaji na atazame maneno haya: Agricola leonem occidit, yaani, "Mkulima amemwua simba." Yageuze: Leonem agricola occidit. Aliyekufa ni simba yuleyule, kwani leonem lina mwisho wa -em, alama ya mtendwa. Lakini ukiandika Agricolam leo occidit, matanga yamehamia nyumbani kwa mkulima. Afasiriye kwa kufuata mpangilio wa maneno peke yake atamzika aliye hai.

Lugha yetu nayo ina njia yake. Tukisema, "Mahindi ndovu ameyala," hakuna ashangaaye, maana -ya- yaelekeza kwenye mahindi. Bali "Simba mkulima amemwua" huleta mashaka, kwa kuwa -m- yaweza kuwa ya simba au ya mkulima. Hapo hatuna tegemeo ila mpangilio. Mrumi wa kale hakupata taabu hiyo: alama yake ilikuwa mkiani mwa jina.

Hali hizo ni sita. Tukichukua dominus, bwana: nominativo, dominus, ni mtenda, vokativo, domine, ni ya kumwita, akusativo, dominum, ni mtendwa, genitivo, domini, ni "-a bwana", dativo, domino, ni mwenye kupewa au kutendewa, na ablativo ni domino vilevile. Kufanana huku kwa hali mbili za mwisho huwaudhi wanafunzi, wala siwalaumu; kinachowasaidia ni maana ya sentensi nzima.

Dativo yafaa kuangaliwa sana, kwa sababu sisi kazi yake twaitia ndani ya kitenzi. Pater filio epistulam scribit ni "Baba amwandikia mwanawe barua." Ile -o ya filio na ile -ia ya "andikia" zafanya kazi moja.

Ablativo ndiyo yenye mzigo mkubwa: chombo cha kutendea, mahali pa kutokea, mahali pa kukaa. Mkatoliki mzee aliyeanza sala kwa in nomine Patris alitamka ablativo na genitivo tangu utotoni bila kujua. Tena neno in hubadili maana kwa hali ya jina lifuatalo. Agricola in silva ambulat: mkulima atembea mle mle msituni. Agricola in silvam ambulat: yu njiani kuingia. Sisi husema "msituni" kwa yote mawili, na kitenzi hueleza yaliyobaki.

Yako pia masalio ya hali ya saba, ya mahali: Romae, "huko Roma", na domi, "nyumbani". Neno hili la mwisho halimsumbui Mswahili hata kidogo, kwani naye hulisema kwa neno moja, na alama ya mahali iko mwishoni.