SOMO LA SABA: WENZI WASTAAFU WAENDAO UTUMISHI WA KANISA NG'AMBO

Somo hili linawahusu abiria wasiotajwa mara nyingi katika miongozo ya usafiri: mume na mke waliokwisha kustaafu, ambao kanisa lao limewaita kutumika katika nchi nyingine kwa mwaka mmoja au zaidi. Safari yao si ya matembezi. Nauli huenda imetoka katika mafao yao, fedha ambayo ikipotea haipatikani tena. Nyaraka zao zilitolewa miaka mingi iliyopita, nyingine kwa mkono. Na afya zao zinahitaji uangalizi. Kwa sababu hizo, kosa ambalo kijana angelivumilia laweza kuwavunjia safari nzima.

Tuchukue mfano wa mwalimu na muuguzi wastaafu kutoka Iringa, walioalikwa na usharika mmoja wa Marekani. Tutafuata maandalizi yao hatua kwa hatua.

1. Majina yafanane kwanza

Kabla ya jambo lolote, wenzi hawa waweke mezani pasipoti, vitambulisho vya Taifa, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha ndoa, wasome majina herufi kwa herufi. Si ajabu kukuta mke ameandikwa kwa jina la baba yake katika cheti kimoja na kwa jina la mumewe katika kingine. Tofauti hiyo isahihishwe katika ofisi inayohusika, au pale inapokubalika, ielezwe kwa hati ya kiapo. Tiketi nayo iandikwe kama pasipoti ilivyo, maana shirika la ndege laweza kumkatalia abiria ambaye majina yake hayalingani.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018, hudumu miaka 10, na ada yake ya kawaida ni shilingi 150,000. Nchi nyingi hudai iwe na angalau miezi 6 ya uhai. Anayekwenda kukaa muda mrefu ahesabu miezi hiyo kwa kuongeza kipindi chote cha utumishi.

2. Viza: nani anaomba nini

Marekani ina viza ya watumishi wa dini iitwayo R-1. Ombi la kwanza halifunguliwi na msafiri, bali na kanisa linalomwalika, mbele ya idara ya uhamiaji ya huko. Likikubaliwa, ndipo msafiri anapoomba viza ubalozini. Mtumishi anatakiwa awe mshiriki wa dhehebu hilo kwa miaka 2 iliyotangulia ombi. Kibali cha kwanza huweza kufika miezi 30, na jumla yake haizidi miaka 5.

Hapa pana jambo ambalo wenzi wengi hulipita. Mwenzi anayeingia kwa viza ya mtegemezi, R-2, haruhusiwi kuajiriwa. Ikiwa mwalimu na muuguzi wetu wote wawili wamepangiwa kazi usharikani, waliulize kanisa mapema kama litamfungulia kila mmoja ombi lake.

Utaratibu huu unatupa pia kipimo cha kumtambua tapeli. Mtu anayeahidi kuwapatia viza hiyo kwa malipo, pasipo kanisa mwalikaji kufungua ombi, hasemi kweli. Hakuna wakala mwenye mamlaka ya kuhakikisha viza. Kwa kuwa masharti hubadilika, soma tangazo la ubalozi wenyewe kabla ya kulipa ada yoyote.

3. Tiketi isitangulie viza

Tiketi ya bei nafuu mara nyingi ndiyo yenye masharti magumu: nauli hairudishwi, na kubadili tarehe hulipiwa. Viza ikichelewa, hasara ni ya abiria. Tunashauri kuhifadhi nafasi tu mpaka viza ipatikane. Ikilazimu kununua mapema, nunua tiketi inayobadilishika, nawe usome masharti ya marejesho kabla ya kulipa.

Nafasi iliyohifadhiwa si tiketi. Namba ya uhifadhi huwa na herufi na tarakimu 6. Namba ya tiketi ya kielektroniki huwa na tarakimu 13. Wakala akipokea fedha zako na kukupa ile ya kwanza pekee, bado huna tiketi. Piga simu kwa shirika la ndege kuthibitisha, lipa katika akaunti ya kampuni wala si ya mtu binafsi, na udai stakabadhi ya EFD.

Safari ya Marekani hupitia kiwanja kingine, kama Doha, Addis Ababa au Amsterdam. Ni salama zaidi kuwa na tiketi moja kwa safari nzima. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali zina hatari: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halilazimiki kukungoja wala kukupa nafasi nyingine.

4. Afya, dawa na bima

Asiyeweza kutembea mwendo mrefu aombe kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi, au angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Asione haya. Viwanja vya kuunganishia ni vikubwa.

Dawa za kila siku zikae katika mzigo wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari inayotaja majina ya dawa.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Mwenye umri wa miaka 60 au zaidi ambaye hajawahi kuchanjwa amwone daktari kwanza, kwa kuwa hatari ya madhara makubwa huongezeka katika umri huo.

Kuhusu bima, uliza mambo matatu na upewe majibu kwa maandishi: ukomo wa umri, kama maradhi uliyokuwa nayo kabla yanahusika, na nani atagharimia kurejeshwa nyumbani.

5. Mzigo ukipotea au kuharibika

Tanzania na Marekani zote ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Mzigo ukiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Usipofika baada ya siku 21, unayo haki ya kudai kama uliopotea. Tangu Desemba 28, 2024, kikomo cha fidia ni SDR 1,519 kwa abiria, takriban dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo. Kiasi hutegemea hasara unayoithibitisha. Tunza kipande cha mzigo, na ujaze fomu kabla ya kutoka kiwanjani.

Usiporidhika na majibu ya shirika, lete kwetu nakala za malalamiko yako. Shauri la mahakamani hufunguliwa ndani ya miaka 2.

6. Nyumbani

Kabla ya kuondoka, wastaafu waulize mfuko wao wa pensheni namna ya kufanya uhakiki wakiwa ng'ambo, na wamwachie mtu wanayemwamini nakala za nyaraka zote.

Maswali ya kujipima

1. Je, majina yenu yanafanana katika nyaraka zote?
2. Wakala amekupa namba yenye tarakimu ngapi?
3. Viza ikikataliwa leo, ni kiasi gani cha fedha yenu kitarudi?

Asiyeweza kujibu swali la tatu asilipe kwanza.