Hijabu, Matusi na Mapenzi ya Darasani: Maalim Awajibu Vijana wa Nakuru

Maalim, ni kweli mahakama imeharamisha hijabu shuleni? (Msichana, Bondeni)

Barua za namna hii zimenijia pia kutoka Njoro, Gilgil na Molo, nami nazijibu zote pamoja, maana uvumi huu umenichosha, hasa unapotoka vinywani mwa walimu. Kesi yenyewe ilihusu shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, ambako Kanisa la Methodisti, mfadhili wake, lilipinga mabinti wa Kiislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe juu ya sare. Mahakama Kuu ikaliafiki kanisa mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ikatengua mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu ya Rufaa, si kwa kuwa majaji waliiona hijabu kuwa kosa, bali kwa kuwa dai la mzazi, Mohamed Fugicha, aliyewatetea mabinti, liliingizwa kesini kinyume cha utaratibu. Kifungu cha 32 cha Katiba, kinachokataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, kingali pale pale. Anayesema hijabu imeharamishwa na akuonyeshe ukurasa wa hukumu.

Wenzangu waniita Al-Shabaab. (Mvulana, kidato cha pili)

Mshtakie mwalimu mkuu, na barua uiandike ukae na nakala. Kisha watajie Salah Farah, mwalimu Mwislamu aliyepigwa risasi na hao hao Al-Shabaab karibu na El Wak, Desemba 2015, katika basi ambalo abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo ili hao wauawe. Akafariki mwezi uliofuata.

Kuna mtu auza kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya) la kumsahau mvulana.

Alinywe mwenyewe.

Nampenda mvulana Mkristo wa darasa letu. Je, nimekufuru?

La, mwanangu. Karatasi yako ya daftari la hesabu, ambamo jina la mvulana umelifuta kwa wino mara mbili, yanionyesha hofu kubwa kuliko kosa, kwani moyo haumwombi mtu idhini, na hesabu yako ni juu ya utakalotenda: usikae naye faraghani, usimpelekee picha kwa simu, na umwambie mama au shangazi kabla jirani hajamwambia.

Ama mzazi aharakishaye kumwoza binti ili kuificha barua ya mapenzi, ajue kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haimruhusu mtu kuoa wala kuolewa kabla ya miaka 18, na kadhi asichukuliwe kuwa kichaka cha kujifichia.