Kutambua Jamaa za Mcheri Lushoto

Mwanafunzi anayeanza kujifunza botania hupenda kuutambua mti kwa ua lake. Njia hiyo ni nzuri, lakini haitoshi, kwa kuwa miti mingi huchanua kwa majuma machache tu katika mwaka. Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua miti ya jenasi Prunus, iliyo katika jamii ya mwaridi, kwa mifano ya Lushoto na milima ya Usambara Magharibi.

Micheri ya mapambo

Wajapani wamezalisha aina nyingi za micheri kwa ajili ya maua peke yake. Ili kuzibainisha, tunauliza: Ua lina petali ngapi? Lina rangi gani? Je, maua hutangulia majani? Aina iitwayo Somei-yoshino ina petali 5 zinazokaribia weupe, na maua yake hutangulia majani. Kanzan ina petali nyingi zenye rangi ya waridi iliyokoza, na majani machanga ya hudhurungi huchomoza pamoja na maua. Micheri hiyo huhitaji majuma mengi ya baridi kali ndipo matumba yake yafunguke vyema. Baridi ya namna hiyo haipatikani Lushoto, ingawa mji huo uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi.

Jamaa walioko bustanini

Mpichi na mplamu, ambayo hulimwa Lushoto, ni ndugu wa mcheri. Ua la mpichi kwa kawaida lina rangi ya waridi, nalo hukaa juu ya tawi karibu bila kikonyo. Jani ni refu na jembamba, na tunda lina vinyweleo. Ua la mplamu ni jeupe na lina kikonyo dhahiri. Jani ni pana zaidi, na tunda halina vinyweleo.

Maua yasipokuwapo, chunguza dalili hizi:

(a) Majani hupishana tawini, na kingo zake zina meno kama ya msumeno.
(b) Mara nyingi kuna tezi ndogo karibu na mahali jani linapoungana na kikonyo chake.
(c) Tunda kwa kawaida lina kokwa moja ngumu.
(d) Jani likipondwa hutoa harufu ya lozi chungu.

Tahadhari: jani linapopondwa hutoa pia hidrojeni sianidi, ambayo ni sumu. Nusa kidogo tu. Usitafune jani wala kiini cha kokwa.

Jamaa aliyeko msituni

Dalili hizo zikifuatwa hadi msitu wa Magamba, hutufikisha kwenye Prunus africana, mti ambao Wachaga huuita mkondekonde na Wakikuyu muiri. Huu ndio mcheri wa Afrika. Haupukutishi majani yote kwa pamoja, na huweza kufikia urefu wa mita 40. Maua yake ni madogo, meupe, yamepangwa kwenye vishada; gome ni jeusi-jeusi, limepasuka vipande vipande. Anayetazama maua peke yake hataudhania kuwa jamaa ya micheri ya Japani. Anayechunguza jani ataubaini.

Gome hilo hutengenezewa dawa ya uvimbe wa tezi dume, na biashara yake imeangamiza miti mingi, hasa Kamerun na Madagaska. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti wote, chakula kilichotengenezwa majanini hakifiki tena mizizini, na mti hufa. Tangu mwaka 1995 biashara ya kimataifa ya mti huu inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Lakini mkataba hauwezi kuulinda mti usiotambulika na wakazi wa karibu yake. Tena mbegu zake hazihifadhiki kwa muda mrefu; apandaye miche hana budi kuutambua mti mama na kuziotesha mbegu zingali mbichi.

Zoezi

1. Linganisha jani la mpichi na la mplamu kwa kufuata dalili (a), (b) na (d).
2. Waulize wazee jina la Prunus africana kwa lugha ya kwenu, uliandike pamoja na matumizi ya mti huo.
3. Eleza kwa nini kubandua gome upande mmoja hakuuathiri mti sawa na kulibandua pande zote.